Miezi 3 ya kuperuzi magari used mtandaoni nikiwa Tanga, haya ndo maoni yangu

Jamani naomba nitoe maoni kuhusu hii huduma ya matangazo ya magari used mtandaoni, maana nimeitumia kila siku kwa miezi 3, kila usiku nikishafunga duka langu la stesheneri hapa Ngamiani barabara ya 12 narudi zangu Mikanjuni, nakula, afu nashika simu naperuzi magari mpaka macho yanauma. Sitaji ukurasa wala dalali yeyote kwa sababu kwa nilivyoona wote ni walewale, tangazo moja unalikuta sehemu 5 au 6 na picha zilezile, kinachobadilika ni namba ya simu na bei.

Shida yetu ilikua mama. Magoti yamemkamata, anakaa Pongwe na kliniki yake iko Bombo, bajaji inamtikisa na kwenye daladala kupanda hawezi mpaka konda amshike mkono. Tukakaa ndugu wanne tukachanga kidogo kidogo ikafika milioni 9 na laki 4, kaka zangu wako Dar na Arusha wakasema wewe ndo uko karibu na mama, tafuta gari. Hela ya ndugu wanne ikiwa mikononi mwako hulali vizuri, kila tangazo unalisoma mara tatu.

Sasa nianze na kilichoniudhi kuliko vyote. Bei za haya magari zinapangwa na herufi za kwenye pleti namba. Yani tangazo la kwanza kabisa utakuta "namba D" au "namba E" imeandikwa kwa herufi kubwa kabla hata hujaambiwa gari ni ya mwaka gani, na watu wanalipia hizo herufi. Wakati zile herufi zinakwambia gari imesajiliwa lini hapa Tanzania, basi, hazikwambii imetengenezwa lini. Unaweza ukawa na Toyota IST mbili za mwaka 2004 zimetoka kiwanda kimoja, moja ikaingia nchini zamani ikapata namba C, nyingine ikazeeka huko Japan miaka 15 ndo ikaletwa ikapewa namba D, basi hiyo ya pili unaambiwa milioni 13 na nusu na ya kwanza milioni 9, eti kwa sababu ile ni "mpya". Upya wake uko wapi? Mpira ni uleule, bushi zilezile, na miaka ni ileile.

Nilikuta tangazo la IST, umbo lile la zamani la mviringo tunalolijua wote, imeandikwa "mwaka 2010". IST za umbo lile zilianza 2002 na mwaka 2007 Toyota wakabadilisha umbo, kwa hiyo IST ya kizamani ya 2010 haipo. Nikampigia jamaa nikamuuliza vizuri tu, akanijibu "dada angu hiyo 2010 ni mwaka ilioingia nchini". Nikamwambia sasa kaka si uandike hivo, akasema wateja ndo wanavyotaka. Nilikaa nikawaza sana kuhusu hilo jibu, kwa sababu kuna mtu sehemu fulani atatoa milioni zake akiamini gari ina umri pungufu kwa miaka kadhaa.

Na kilomita ndo usiseme. Karibu kila gari ina kilomita 60 na kitu elfu, 70 na kitu elfu. Chukua hiyo ya 2004 yenye kilomita 68,000. Kutoka Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350, kwenda na kurudi 700. Ina maana hiyo gari toka izaliwe, Japan na Tanzania zote ukijumlisha, imetembea kama safari 97 tu za kwenda Dar na kurudi, kwa zaidi ya miaka 20. Afu ukikuza picha unaona usukani umechubuka umekua mweupe pale mikono inaposhika, na raba ya pedeli ya breki imelika upande mmoja. Usukani na pedeli havirudishwi nyuma kama wanavyorudisha kilomita za kwenye dashibodi, nimejifunza kuangalia hivo kwanza.

Picha nazo. Kuna picha zinapigwa usiku chini ya taa ya duka, kuna picha gari imemwagiwa maji ndo ikapigwa ili ing'ae, kuna picha za yadi ya Japan kabisa, majani yale ya huko yanaonekana, wakati tangazo linasema gari ipo Sahare na ina miaka 4 barabarani. Ila kitu ambacho mimi naomba watu mkikatae kabisa ni kuziba pleti namba. Wanaziba kwa kidole, kwa kitambaa, kwa emoji ya moto. Ukiuliza unaambiwa ni usalama. Usalama wa nani wakati gari inapita barabarani kila siku watu wote wanaiona? Namba ya gari ndo inakuwezesha kuangalia kwenye mfumo wa polisi kama ina faini, ukaangalia deni la paking, ukaangalia kwa TIRA, mamlaka ya bima, kama bima ni ya kweli, yote hayo ukiwa umekaa kitandani bila kutoa hata shilingi. Akiziba namba amekunyima hayo yote na anataka utoke Mikanjuni uende mpaka Kange ukaone mwenyewe.

Mara moja moja wanasahau. Kuna Vitz moja ilikua imeandikwa imetumika na mdada mmoja tu, kwenda kazini na kurudi, picha tatu za mbele zimezibwa vizuri, ya nne imepigwa kwa nyuma, kwenye kioo cha duka unaona pleti ni nyeupe. Pleti nyeupe ni gari ya biashara, ya binafsi ni njano. Hiyo ilikua inabeba abiria asubuhi mpaka usiku. Sina ubaya na gari iliyofanya teksi, mama yangu mwenyewe amepandishwa sana na vijana wa teksi, lakini niambie ukweli nijue nakuja na fundi kuangalia nini.

Bei za ajabu nimezitunza kwa skrinshoti, simu imejaa. IST namba C milioni 19 na nusu, na sababu alizotoa ni rimu, redio ya kugusa na siti zimevishwa ngozi. Harrier wanayoiita tako la nyani, taa moja ya nyuma imebandikwa gundi, anataka 32. Rav4 wanayoiita kilitime ambayo milango haifanani rangi, bei "maelewano" afu ukipiga anaanza na 24. Land Rover 109 iko juu ya matofali huko njia ya Muheza, imeandikwa "injini ipo gereji, giaboksi ipo, bodi safi", milioni 8, na kwenye picha kuku wamelala kwenye siti ya dereva. Kuna Corolla moja wameandika kabisa "road license imelipwa" kama sifa, wakati road license ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, ina maana hilo tangazo maneno yake yanakopiwa toka wakati huo mpaka leo na hakuna anayesoma.

Na kuna Peugeot 504 pikapu. Hii naomba niiongelee kidogo kwa sababu naipenda. Inaonekana ilikua ya kwenye mashamba ya mkonge, nyuma bado kuna kamba za katani, rangi ya bluu imepauka imekua kama anga la asubuhi. 504 zilianza kutoka 1968 na watu wazima wa Tanga ukiwatajia wanakaa sawasawa kwenye kiti wanaanza kusimulia. Muuzaji anataka milioni 25. Haiwaki, hana kadi ya gari yenye jina lake, lakini anasema ni ya kumbukumbu. Mimi nakubali ni ya kumbukumbu, na ningetamani mtu mwenye uwezo aichukue aitengeneze, ila milioni 25 kwa gari isiyowaka na isiyo na karatasi ni kumfukuza huyo huyo mtu mmoja anayeweza kuiokoa.

Kuna wanaosema bei ni juu kwa sababu ya ushuru. Hapo wana hoja na nisiwe mchoyo wa ukweli. Gari ya zaidi ya miaka 10 inalipiwa ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ambao kwa cc 1000 mpaka 2000 ni 5%, afu 30% nyingine kwa sababu ya uzee, afu VAT 18% juu ya vyote hivo vilivyojumlishwa. Nilikaa na kikokotoo, gari ambayo TRA wameithaminisha milioni 5 inafika kama milioni 10 kabla hujagusa tozo nyingine, gharama za bandari na usajili. Na thamani wanayotumia ni iliyoko kwenye mfumo wao, sio risiti yako ya Japan. Kwa hiyo aliyeagiza ameumia kweli. Lakini ushuru unalipwa mara moja, siku gari inaingia. Yule aliyeinunua mtumba mwaka juzi kwa milioni 9, akaitembelea, akaigonga nyuma, leo anaiuza 13 anakwambia ushuru umepanda, huyo ushuru gani aliolipa yeye?

Kinachopandisha bei hapa mjini ni cha juu cha madalali. Nilifuatilia Passo moja ya kijivu ina mkwaruzo mrefu mlango wa kushoto, kwa hiyo hata wakiziba namba naijua. Kwa wa kwanza milioni 8.3. Kwa wa pili 9.5. Kwa wa tatu 11 kamili na kaandika "bei ya kutupa, mwenye gari anasafiri kesho". Nikawauliza wote watatu gari iko wapi, wote wakasema Chumbageni, wote wakasema mwenye gari ni kaka yao. Mwenyewe nlikuja kumpata kwa bahati, ni mzee wa watu, alisema yeye anataka 7.5 na hajui kama gari yake iko mtandaoni. Hapo kila dalali kaweka cha juu chake na mwisho wa siku mzee hauzi, mnunuzi hanunui, gari inakaa juani inapauka. Mie sikatai dalali ale, amepiga picha, amejibu simu, ametembea juani, apewe chake kinachoeleweka. Milioni 3 na nusu juu ya gari ya 7 na nusu sio kula, huko ni kuziba njia.

Wa hela ya kuishikilia pia wapo. IST milioni 4 na nusu, eti ya mnada, iko bandarini Dar, tuma laki 2 tusimpe mtu mwingine. Jirani yangu alituma. Ile namba haikupatikana tena toka jioni ile. Yule ni mama lishe, laki 2 ni mtaji wake wote, na ninapoandika hapa bado inaniuma kwa sababu alinionyesha lile tangazo asubuhi na mimi nilikua na haraka nikamwambia nitaliangalia nikirudi.

Magari niliyoenda kuyaona kwa macho ni 7. Nilikua naenda na baba mdogo ambaye ni fundi Makorora, na naomba niseme bila yeye hela ya ndugu zangu ingepotea. Kitu cha kwanza akifika haongei na muuzaji, anaweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto anasema "mwanangu twende zetu, hii imeshapashwa", kwa sababu injini inayosumbua kuwaka asubuhi au inayotoa moshi ikiwa baridi wanaiwasha kabla hujafika. Cha pili analala chini. Sisi wa pwani gari zinaliwa na chumvi, hasa zilizokaa Raskazone na Sahare karibu na maji, kwa juu inang'aa kwa chini imekua kama ungo. IST moja ilikua nzuri, nilishaanza kumpigia kaka simu, baba mdogo akatoka chini ana mikono myeusi, akaniambia imepakwa rangi chini yote, mpya, bado inanata. Akachukua bisibisi akagusa kidogo tu kwenye kizingiti cha mlango ikazama. Muuzaji akasema "mzee unaniharibia gari", baba mdogo akamjibu kwa upole kabisa "mwanangu, gari imeshaharibika kabla yangu, mimi nimekuonyesha tu".

Premio moja nayo ilikua bei nzuri mno, milioni 8, safi ndani, nikashangaa kwanini haijanunuliwa wiki tatu. Akafungua boneti akanionyesha maandishi kwenye kifuniko cha injini, D-4. Akaeleza zile petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, pampu yake na nozeli zake zikianza kusumbua bei ya spea inakua ugomvi nyumbani, ndo maana bei iko chini. Kwenye tangazo hilo neno D-4 halikuwepo popote, ilikua "injini haijawahi kufunguliwa". Naam haijafunguliwa, inasubiri anayefuata aifungue.

Sasa gari tuliyonunua. Tangazo lake lilikua baya kweli, picha 4 za giza giza, kitambaa cha kupigia deki kimesahauliwa juu ya boneti, limewekwa mchana wa Jumatatu wakati hakuna anayeangalia. Toyota Raum namba C. Lakini pleti namba ipo wazi. Picha moja ni ya kadi, ameziba jina tu, chasisi inasomeka NCZ20, mwaka wa kutengenezwa 2005. Na maelezo yake nimeyatunza: "AC haipulizi baridi. Bampa ya nyuma imepasuka niligonga ukuta. Shokapu za mbele zinagonga kwenye mashimo. Kilomita 187,000. Nataka 7.8 napunguza kidogo kwa mwenye hela mkononi." Basi. Hakuna emoji ya moto, hakuna "gari kali", hakuna mtu anayesafiri kesho.

Nilisoma nikahisi kama mtu amenishika mkono. Mwenye gari alikua nesi mstaafu anakaa Donge, tulipopiga akasema "njooni asubuhi kabla sijaiwasha". Baba mdogo aliposikia hivo akacheka akasema huyo ndo muuzaji. Tukaenda saa 1 asubuhi, boneti baridi, ikawaka kwa mara ya kwanza, moshi hamna, chini kuna kutu ya kawaida ya gari ya Tanga na haikupakwa kitu. Faini hamna, nlishaangalia usiku. Tukakubaliana 7.3, siku ileile tukaenda naye kuanza kubadilisha umiliki, hakutuzungusha.

Afu kuna kitu kuhusu Raum hii ambacho hakuna tangazo hata moja lilinitajia kwa miezi 3, na ni kitu ambacho ningekijua toka siku ya kwanza ningeacha kuangalia IST. Milango ya nyuma ni ya kusukuma pembeni, na upande wa kushoto hakuna ile nguzo ya katikati, ukifungua wa mbele na wa nyuma unapata uwazi mmoja mkubwa. Mama alirudi kinyumenyume, akakaa, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, hakuna aliyemshika. Alinyamaza kidogo afu akasema "kumbe zipo gari za watu wa magoti". Wauzaji wa Raum wote wanaandika rimu na redio.

Kwa hiyo maoni yangu kwa hii huduma, nikitoa kwa nyota basi kujua bei za mjini natoa 4, kwa sababu ukiangalia kila siku unaanza kuona ipi ni bei ya kweli na ipi ya ndoto. Kwa picha natoa 2. Kwa ukweli wa maelezo natoa 1 na hiyo 1 nampa yule nesi peke yake. Wenye hizi kurasa nawaomba jambo moja mnaloweza kulifanya leo, tangazo lisipite bila pleti namba kuonekana na bila mwaka wa kutengenezwa kama ulivyo kwenye kadi. Mkifanya hayo mawili nusu ya uongo inaisha bila polisi.

Shokapu tumebadilisha, used za Japan jozi laki na ishirini pamoja na kufunga. Bampa tumeiacha. AC bado, mama hataki, anasema akipita njia ya baharini anafungua kioo.

Usiku bado naperuzi, nimezoea. Ile 504 bado ipo, juzi wameiwekea picha mpya, wametoa zile kamba za katani na bei sasa ni 27. Kama kuna mtu anasoma hapa ana moyo wa magari ya zamani na ana fundi mzuri, aende akaongee na mwenye gari ana kwa ana asipitie kwa dalali, na aende asubuhi.